Kuku Aliyepita Katika Picha

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, kampuni ya Meta ya Marekani ilianza kuuza chombo cha kuvaa usoni kiitwacho Quest 3. Uzito wake wapita nusu kilo kwa kiasi kidogo, na bei yake wakati ule ilikuwa dola 499. Tarehe 2 Februari 2024 kampuni ya Apple nayo ikatoa chake, Vision Pro, kwa dola 3,499. Vyombo hivi, msomaji, huitwa miwani ya uhalisia mseto, kwa kuwa huchanganya vitu vilivyopo mbele yako na vitu visivyokuwapo. Ukiivaa katika darasa lako, Kisii au Nyamira, utaliona darasa lile lile, madawati yale yale, na dirisha lililoelekea migombani. Lakini juu ya dawati la mbele waweza kuuona moyo wa binadamu ukidunda, mkubwa kama boga, nawe waweza kuondoka mahali pako ukauzunguka na kuutazama kwa nyuma.

Mtu anayeivaa mara ya kwanza hunyosha mkono ili aguse. Mkono hupita hewani, naye hucheka, au hurudi nyuma hatua moja kama aliyeona nyoka. Profesa hufanya hivyo, na mchuma majani ya chai hufanya hivyo. Jambo ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: mkono ule ukinyoshwa, ni nani anayesimulia habari zake, na husema nini juu ya mwenye mkono?

Siri ya chombo chenyewe ni ya zamani. Fumba jicho moja, kisha fumba la pili, ukikitazama kidole chako kilicho karibu na pua. Kidole kitaonekana kuhama. Kila jicho hupata picha yake, na ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kutambua kina. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alithibitisha jambo hili kwa vioo viwili na michoro miwili iliyotofautiana kidogo. Mwaka 1849 David Brewster wa Scotland akatumia lenzi badala ya vioo, na tangu hapo picha pacha zikawa biashara kubwa Ulaya na Marekani. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda katika nchi yetu mwaka 1909, picha pacha za safari ile ziliuzwa kwao, watu wakaitazama Afrika Mashariki wakiwa vitini mwao. Sisi tulikuwa ndani ya picha kabla ya kushika chombo cha kutazamia.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha chombo cha kwanza cha kuvaa kichwani chenye picha zilizochorwa na kompyuta. Mtambo wake wa kufuata mwendo wa kichwa ulikuwa mzito hata ukaning'inizwa darini, wakaupa jina la upanga wa Damocles. Mvaaji aliona mistari mitupu ya mchemraba ikielea ndani ya chumba halisi. Miwani ya leo haihitaji dari. Kamera zake hutazama nje, hupima umbali wa kuta na meza, na picha hubadilika kila kichwa kinapogeuka. Picha ikichelewa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mvaaji hushikwa na kichefuchefu.

Sasa turudi kwa wasimulizi. Huenda umesikia kwamba ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu ya gari moshi likiingia stesheni mwaka 1896, watazamaji wa Paris waliruka vitini wakakimbia. Wanahistoria waliochunguza habari hii wameitilia shaka kubwa. Lakini hata wale wanaoisadiki hawasemi kwamba Wafaransa hawana macho ya kuonea sinema. Kwa Mfaransa, mshtuko ulikuwa sifa ya chombo. Mwafrika alipokuwa mtazamaji, mshtuko ulihesabiwa kuwa kasoro ya kichwa chake.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio kubwa la sinema kwa Waafrika, lililowekwa makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilizotengenezwa huko zilipelekwa kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Huko Nigeria, William Sellers naye alikuwa akionyesha filamu za afya, na baadaye akaongoza idara ya filamu ya makoloni iliyoanzishwa mwaka 1939. Kanuni yake ilikuwa kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, picha isibadilike upesi, wala pasiwe na vitu vingi mbele ya kamera, maana, alidhani, mtazamaji hataelewa.

Katika siku zile za wakoloni ndipo ilipozuka habari ya kuku. Aliisimulia Mwingereza John Wilson, na Marshall McLuhan akaieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu fupi ya kufundisha usafi, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji walishangaa, kwani hawakujua kwamba katika filamu yao mna kuku! Wakaitazama tena polepole, na kumbe, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alikuwa amekimbia pembeni mwa picha.

Habari hii ilitolewa kuwa ushahidi kwamba Mwafrika asiyesoma hajui kutazama picha nzima. Mimi naisoma kinyume. Wanakijiji waliona kitu kilichokuwamo, ambacho waliokitia hawakukiona. Katika ushahidi wa macho, ni nani hapo aliyeshindwa?

Mwaka 1960 William Hudson alichapisha majaribio yake ya Afrika Kusini. Alionyesha michoro ya mwindaji mwenye mkuki, swala aliye karibu naye, na ndovu mdogo aliyechorwa kati yao kana kwamba yuko mbali kilimani. Aliyesema kwamba mwindaji anamlenga ndovu aliandikwa kuwa haoni kina katika picha. Lakini kumchora mnyama mkubwa kwa udogo ili aonekane mbali ni kanuni ya karatasi, nayo hufunzwa kama herufi zinavyofunzwa. Mtu asiyejua kanuni hiyo aweza kutupa mkuki wa kweli ukampata swala wa kweli, na umbali asiukosee hata kwa shibiri.

Jaribio lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, lilifanywa hapa kwetu Gusii. Sara Nerlove, pamoja na Ruth na Robert Munroe, walichapisha mwaka 1971 uchunguzi juu ya watoto wa Kigusii, wakifuata ule uliofanywa kwa Walogoli. Hawakuuliza mtoto ni wa kabila gani wala ana akili ya namna gani. Waliuliza: huenda mbali kiasi gani na nyumba yao? Watoto waliozoea kwenda mbali zaidi walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kutambua na kupanga maumbo kuliko wenzao wa umri wao waliokaa karibu na nyumbani. Anayetumwa machungani au dukani hupima mabonde kwa miguu. Anayeachwa alee mtoto jikoni hunyimwa kipimo hicho, na mara nyingi aliyeachwa ni msichana.

Hapo miwani mpya na mtoto wa Kigusii hukutana. Kwa picha ya karatasini yatosha kukaa. Kwa miwani hii yafaa utembee, uiname, uzunguke kitu. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kila kilomita moja ya mraba ya Kisii ina watu zaidi ya 900, na Nyamira zaidi ya 600. Mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata yamekuwa vipande, na machunga yamepungua. Sina hakika kwamba moyo uliowekwa juu ya dawati waweza kulipa mabonde yale, kwa sababu miwani yenyewe, kabla ya kuanza kazi, hukutaka uweke mpaka sakafuni, hatua chache tu kila upande, na ukiukaribia hukuonya.

Na kama utapata nafasi ya kuijaribu, fahamu kwamba umbali kati ya mboni za macho haulingani kwa watu wote. Chini ya Quest 3 mna gurudumu dogo la kusogeza lenzi. Ukiona ukungu, na msimamizi akakuambia kwamba ndivyo ilivyo kwa wasiozoea, lizungushe kwanza gurudumu hilo, kisha utazame tena.