Spea za magari ya kale ya zimamoto (Kitui na Makueni)

Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, huduma ya zimamoto ni jukumu la kaunti, na tangu 2013 Kitui na Makueni zinaisimamia zenyewe. Atakayekuta gari kuukuu la zimamoto katika mji wa Wote (Makueni) au wa Kitui, na kulitafutia spea, aanze kwa kulitambua.

Gari la Kiingereza la miaka ya 1960 au 1970 kwa kawaida lina wazazi zaidi ya mmoja. Bedford, kwa mfano, ilitoa fremu na injini ya lori lake la TK; kampuni kama HCB-Angus ikajenga bodi; pampu ikatoka Coventry Climax kwa jina la Godiva. Kwa hiyo namba ya chesi iliyo kwenye kitabu cha gari haitoshi. Pampu ina kibati chake, mara nyingi kimefunikwa na rangi. Kisafishwe taratibu, kisikwanguliwe kwa patasi, kisha kipigwe picha.

Spea za injini ndizo rahisi, kwa kuwa TK ilikuwa lori la kawaida. Pa kuanzia ni maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi. Pampu ndiyo ngumu. Beringi hununuliwa kwa namba iliyochongwa kwenye ukingo wake, na sili kwa vipimo vyake. Impela iliyolika hukerezwa upya au kusubiwa.

Bolti nyingi za magari haya ni za inchi: kulazimisha za milimita huharibu hesi, na kifuniko cha pampu kikipasuka, kingine hupatikana kwa shida sana.