Geto la Venisi: Historia ya Wayahudi Iliyoandikwa katika Kuta

Wasomaji wengi wa Kiswahili humfahamu Myahudi wa Venisi kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthilia ya William Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, na humo humkuta Shylock, mkopeshaji fedha anayeshikilia kulipwa ratili moja ya nyama ya mdeni wake. Tamthilia hiyo iliandikwa katika miaka ya 1590 nchini Uingereza, ambako Wayahudi walikuwa wamefukuzwa tangu mwaka 1290 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza, na ndani yake hautajwi popote mtaa uliozungukwa na maji na kufungwa kwa malango, ambamo Wayahudi halisi wa Venisi walilazimika kulala kila usiku katika miaka ileile. Mtaa huo, unaoitwa geto, ungali umesimama, na ziara za kuongozwa zinazofanyika humo kwa miguu ni njia bora ya kuijua historia yake, kwa sababu sheria zilizowabana Wayahudi kwa karibu miaka 300 ziliacha alama katika mawe, madirisha, ngazi na dari za nyumba, alama ambazo ni vigumu kwa mpita njia asiyeelekezwa kuzitambua.

Geto liko Cannaregio, wilaya ya kaskazini miongoni mwa wilaya sita za mji wa kale wa Venisi, na kutoka stesheni ya reli ya Santa Lucia mtu hulifikia kwa mwendo mfupi wa miguu. Ziara za kuingia katika sinagogi, yaani nyumba za ibada za Wayahudi, husimamiwa na Makumbusho ya Kiyahudi yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 katika uwanja mkuu wa geto, na kwa kawaida mgeni haruhusiwi kuingia humo bila kiongozi. Utaratibu huo una maana kubwa kwa historia ya mahali hapa, kwa kuwa sinagogi hizo zilijengwa juu ya nyumba za kuishi, ndani ya majengo ambayo kwa nje hayatofautiani sana na jirani zake.

Kabla ya Wayahudi kuhamishiwa hapo, kisiwa hicho kilihusiana na kiwanda cha serikali cha kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina katika kalibu ili kupata mizinga, na wataalamu wengi hulihusisha neno geto na kazi hiyo ya usubi. Mwaka 1509 majeshi ya Jamhuri ya Venisi yalishindwa vibaya huko Agnadello katika vita dhidi ya mataifa yaliyoungana kupambana nayo, na wakimbizi wengi kutoka bara, wakiwamo Wayahudi wa miji ya Padua na Mestre, wakaingia mjini. Dola ilihitaji kodi na mikopo yao, lakini wahubiri na baadhi ya wakuu walinung'unika kuwaona wakikaa kokote miongoni mwa Wakristo, na baada ya mabishano marefu Seneti ilipitisha amri ya tarehe 29 Machi 1516, wakati wa utawala wa Leonardo Loredan, doge, yaani mkuu wa jamhuri. Kwa amri hiyo Wayahudi wapatao 700 walitakiwa wote kuhamia kisiwa cha Ghetto Nuovo.

Masharti yalikuwa mazito na yalipangwa kwa makini. Malango yalifunguliwa asubuhi kwa mlio wa Marangona, kengele kubwa ya mnara wa Mtakatifu Marko iliyoashiria mwanzo wa siku ya kazi, na yalifungwa usiku na walinzi Wakristo ambao mishahara yao ililipwa na Wayahudi wenyewe. Boti za doria zilizunguka katika mifereji iliyokizingira kisiwa, na gharama zake pia zilibebwa na waliofungiwa. Tabibu aliweza kuruhusiwa kutoka usiku kwenda kumtibu mgonjwa, ila wakazi wengine walipaswa kuwa ndani, na mchana walipotembea mjini walitakiwa kuvaa alama au kofia ya rangi maalumu ili watambulikane. Wapangaji Wakristo waliondolewa kisiwani, na wenye nyumba wakapewa haki ya kuwatoza wapangaji wapya kodi iliyozidi ile ya zamani kwa theluthi moja. Kwa kuwa Myahudi hakuruhusiwa kumiliki nyumba, ulikuzwa mfumo wa haki ya upangaji wa kudumu, ambayo mpangaji aliweza kuirithisha kwa wanawe au kuitoa kama mahari.

Jambo moja huwachanganya wageni wengi, nalo ni kwamba Ghetto Nuovo, maana yake Geto Jipya, ndiyo sehemu ya kwanza kukaliwa na Wayahudi, ilhali Ghetto Vecchio, yaani Geto la Kale, iliongezwa baadaye, mwaka 1541. Majina hayo yalikuwapo tangu enzi za usubi, hivyo upya na ukale unaotajwa hauhusiani na kufika kwa Wayahudi. Sehemu ya 1541 ilitengwa kwa ajili ya Walevanti, yaani Wayahudi wafanyabiashara waliotoka katika himaya ya Waturuki Waosmani, na mwaka 1589 dola ilitoa hati rasmi iliyowapokea pia Waponenti, Wayahudi wa asili ya Hispania na Ureno ambao wazee wao walifukuzwa au kubatizwa kwa nguvu katika miaka ya 1490. Sehemu ya tatu, Ghetto Nuovissimo, ilifuata mwaka 1633. Kwa hiyo geto lilikuwa mji mdogo wa mataifa mengi, ambamo Wajerumani, Waitalia, Walevanti na Waponenti waliotofautiana kwa lugha, vyakula na taratibu za ibada walilazimika kuishi ukuta kwa ukuta, na katika karne ya 17 idadi yao inakadiriwa kuwa ilikaribia 5,000.

Anayeingia kutoka ukingo wa mfereji wa Cannaregio hupita katika njia nyembamba iliyo chini ya nyumba, na hapo mawe ya pande zote mbili yanaonyesha mashimo yaliyoshikilia bawaba za lango lililofungwa kila usiku. Hatua chache mbele, ukutani, kuna bamba la jiwe la mwaka 1704 lenye tangazo la serikali linalowakataza Wayahudi waliobatizwa kurudi getoni au kuingia katika nyumba za Wayahudi, pamoja na adhabu za atakayekaidi. Bamba hilo huonyesha kwamba lango lilitenga hata ndugu wa damu, kwani aliyebadili dini alipotezana na wazazi wake kwa mujibu wa sheria.

Alama iliyo wazi kuliko zote ni urefu wa majengo. Kwa kuwa watu waliongezeka na kisiwa hakikupanuka, wakazi waligawa nyumba kwa sakafu za ziada na kupandisha juu orofa mpya, hata baadhi ya majengo yakafikia orofa saba au zaidi katika mji ambao nyumba zake nyingi ni fupi kuliko hizo. Kiongozi wa ziara huwaelekeza wageni kulinganisha mistari ya madirisha ya nyumba za uwanjani na ya majumba yaliyo ng'ambo ya mfereji, na papo hapo huonekana kwamba mistari ya getoni imesongamana, kwa sababu dari zilishushwa kiasi kwamba mtu mrefu asingeweza kusimama wima katika baadhi ya vyumba.

Katika msongamano huo zilijengwa sinagogi tano, ambazo huko huitwa scola, jina lililotumiwa pia na vyama vya kidini vya Venisi. Ya kwanza ni Scola Grande Tedesca ya Wayahudi wa asili ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1528, ikafuatwa na Scola Canton mwanzoni mwa miaka ya 1530 na Scola Italiana mwaka 1575, huku Ghetto Vecchio ikipata Scola Levantina na Scola Spagnola. Ziliwekwa orofa za juu kwa kuwa ardhi ilikuwa haba, na pia kwa desturi isemayo kwamba pasiwe na makazi ya watu kati ya ukumbi wa sala na mbingu. Kwa nje, Scola Tedesca hutambulikana kwa madirisha matano yenye matao yaliyopangwa mstari mmoja, lakini ndani ukumbi wake hauna pembe mraba hata moja, kwa sababu ulibanwa katika kuta zilizokwisha kuwapo, na mafundi wakauficha upogo huo kwa kujenga baraza ya wanawake yenye umbo la yai kuuzunguka ukumbi juu. Kuta zake zilipambwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru na kung'arishwa hadi ikafanana na marumaru yenyewe. Scola Canton ina mbao zilizochongwa na kupakwa rangi zenye matukio ya Biblia, likiwamo la kuvuka Bahari ya Shamu, ambamo binadamu hawakuchorwa, kwa kuheshimu katazo la sanamu. Kwa kuwa Wayahudi hawakupokewa katika vyama vya mafundi, kazi kubwa za ujenzi zilifanywa na Wakristo, na ukarabati wa Scola Spagnola katika karne ya 17 huhusishwa na Baldassare Longhena, msanifu wa kanisa maarufu la Santa Maria della Salute.

Uwanjani, chini ya baraza yenye nguzo, ipo sehemu iliyoandikwa Banco Rosso, maana yake Benki Nyekundu, ambayo pamoja na benki ya kijani na benki nyeusi ilikuwa mojawapo ya benki tatu za rehani za geto. Hapo ndipo picha ya Shylock inapopaswa kupimwa dhidi ya ukweli wa kihistoria. Kazi walizoruhusiwa Wayahudi wa Ghetto Nuovo zilikuwa chache, hasa kukopesha kwa rehani, kuuza mitumba na kutibu wagonjwa, na ukopeshaji haukuwa hiari ya tajiri mmoja mwenye kisasi. Ulikuwa wajibu wa jumuiya nzima, uliowekwa katika mikataba ambayo dola iliifanya upya kila baada ya muda na ambayo ndiyo iliyowapa Wayahudi ruhusa ya kuendelea kuishi mjini. Kufikia mwishoni mwa karne ya 16 benki hizo zilitakiwa kuwakopesha maskini kiasi kidogo kidogo kwa riba isiyozidi asilimia 5, na kwa kuwa riba hiyo haikutosheleza gharama, jumuiya iliziba pengo kutoka mifuko ya wanachama wake, wakiwamo wa matawi mengine ya Wayahudi. Aliyekwenda Banco Rosso na koti lake la baridi alitoka na fedha za kununulia mkate, na hasara ilibaki kwa waliofungiwa usiku.

Geto lilizaa pia elimu. Daniel Bomberg, mchapishaji Mkristo kutoka Antwerp, kwa msaada wa wahariri wasomi wa Kiebrania alichapa huko Venisi kati ya 1520 na 1523 toleo la kwanza kamili la Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, na mpangilio wa kurasa zake ungali unafuatwa na wachapishaji hadi leo. Hata hivyo, mwezi Oktoba 1553 nakala za Talmudi zilichomwa moto katika uwanja wa Mtakatifu Marko, katika mji uleule uliozichapa. Karne iliyofuata geto lilikuwa makao ya Leon Modena, rabi aliyesikilizwa hata na Wakristo, na Sara Copia Sullam, mshairi aliyewakusanya nyumbani kwake wasomi wa dini zote mbili na kujibu kwa maandishi tuhuma kwamba alikana kutokufa kwa roho.

Jamhuri ya Venisi ilianguka mbele ya jeshi la Napoleon mwezi Mei 1797, na tarehe 10 Julai mwaka huo malango ya geto yaling'olewa na kuchomwa uwanjani huku watu wakicheza. Usawa kamili, hata hivyo, ulipatikana mwaka 1866, Venisi ilipoungana na Ufalme wa Italia, na haukudumu, kwani sheria za kibaguzi za utawala wa Kifashisti za mwaka 1938 ziliwafukuza Wayahudi mashuleni na makazini. Majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Italia mwezi Septemba 1943, tabibu Giuseppe Jona, kiongozi wa jumuiya, aliteketeza orodha za majina na kujitoa uhai ili asiwakabidhi watu wake. Misako ilianza Desemba, na mwezi Agosti 1944 wazee wa nyumba ya kutunzia wazee, iliyoko uwanjani palepale, walichukuliwa pamoja na rabi wao, Adolfo Ottolenghi. Wayahudi zaidi ya 240 walipelekwa katika kambi za mauaji, na waliorejea ni 8 tu. Katika ukuta unaotazamana na uwanja huo kuna mabamba saba ya shaba ya Arbit Blatas, msanii mzaliwa wa Lithuania, yaliyowekwa mwaka 1980, na karibu yake kazi yake nyingine ya mwaka 1993 kuhusu treni ya mwisho.

Jumuiya ya Wayahudi wa Venisi sasa ina watu wasiofika 500, na wachache sana kati yao huishi getoni, ingawa ibada zinaendelea katika sinagogi za Levantina na Spagnola. Hali hiyo inawapa waongozaji wa ziara jukumu zito. Mgeni anayepita uwanjani kwa dakika chache na kupiga picha huondoka na sura ya mtaa mzuri wa zamani, lakini anayeongozwa hadi kwenye mashimo ya bawaba, bamba la 1704, dari zilizoshushwa na kumbi za sala huelewa kwamba watu walewale walionyimwa ardhi, umiliki na uhuru wa usiku waliujenga mji huo juu kwa juu, wakawakopesha maskini wake na kuhifadhi vitabu vyao. Walimu na wasomaji wanaoendelea kuifundisha na kuifurahia tafsiri ya Mwalimu Nyerere wanastahili kuiweka historia hii kando ya kitabu hicho, ili Shylock abaki kuwa mhusika wa jukwaani, na Wayahudi wa Venisi wahukumiwe kwa yale waliyoyatenda na yale waliyotendewa.