Msikiti Mkuu wa Kilwa na Mikono Iliyoujenga

Huku kwetu Tunduma na Mbozi nyumba za wazee zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Kwa hiyo wanafunzi wakionyeshwa picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani huuliza upesi ni wageni gani walioujenga. Twaona yafaa mawe yenyewe yajibu.

Habari za kale za Kilwa zasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo. Masimulizi hayo ni mali ya wenyeji, wala hatuyadharau. Lakini Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba wakazi walio wengi walikuwa watu weusi sana, wenye chale usoni. Tena alisema majengo yao ni ya miti; nalo ni jambo la ajabu kidogo, maana sultani wa siku zile, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehesabiwa kuupanua msikiti kwa mawe.

Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kwanza, ya karne ya 11 au ya 12. Vifaa vyake vyatoka palepale pwani. Tumbawe likitolewa baharini bado bichi huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka likawa gumu. Ndilo lifaalo kwa mihrabu na miimo ya milango. Mawe hayo yakichomwa juu ya rundo la magogo hutoa chokaa. Na katika nyumba za dari bapa, boriti za mikoko ndizo zilizopima upana wa chumba, kwa kuwa chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti yake.

Upanuzi wa karne ya 14 ulikuwa na nguzo za tumbawe, kila moja jiwe zima. Yaonekana hazikuuhimili uzito, jengo likaanguka. Katika karne ya 15 likajengwa upya kwa nguzo za pembe nane, za mawe madogo na chokaa, zikichukua kuba na matao. Fundi mpita njia hangoji kuona paa lake likianguka. Aliyejifunza kwa anguko lile alikuwa mkaa pale.

Hata maneno yana ushuhuda wake: mihrabu na kuba ni ya Kiarabu, lakini ukuta, nguzo, jiwe na mlango ni ya Kibantu.

Neville Chittick alifukua magofu hayo katika miaka ya 1960. Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia. Toka 2004 hata 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini, maana bahari ilikuwa ikila ufuko na kuta zikibomoka.