Bei ya Chuma na Bei ya Kumbukumbu: Injini za Mvuke na Funzo kwa Bonde la Kilombero

Reli ya Uhuru, inayopita Ifakara na Mlimba kuelekea Makambako, haikuanza na mvuke. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikaanza moja kwa moja na injini za dizeli kutoka China, ingawa China yenyewe iliendelea kuunda injini za mvuke za njia kuu hadi 1988. Kwa nini basi mwalimu wa historia awazungumzie watu wa Kilombero juu ya bei ya injini za mvuke? Kwa sababu yaliyozipata injini hizo ndiyo yanayozinyemelea injini za dizeli zilizolifungua bonde hili.

Injini kuukuu ina bei mbili. Ya kwanza ni ya chuma chakavu: uzito wake mara bei ya kilo siku hiyo. Hii ndiyo sakafu, na haihitaji historia yoyote. Huko Barry, nchini Wales, mamia ya injini yalipelekwa kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu. Kwa kuwa mafundi wake walishughulika zaidi na kukata mabehewa, injini nyingi zilisubiri, na hatimaye 213 zikaokolewa na wapenzi wa reli waliochanga fedha zao.

Bei ya pili ni ile inayopanda juu ya sakafu hiyo, nayo hutegemea mambo kadhaa. La kwanza ni hali ya boila. Boila iliyolika kwa kutu inaweza kugharimu kuliko injini yenyewe. Injini mashuhuri ya Uingereza, Flying Scotsman, iliuzwa pauni 3,000 mwaka 1963. Mwaka 2004 makumbusho ya reli ya taifa hilo yaliinunua kwa pauni milioni 2.3, kisha ukarabati uliokamilika 2016 ukameza zaidi ya pauni milioni 4. Anayenunua injini hununua pia deni la matengenezo.

La pili ni jina na historia iliyothibitishwa kwa kumbukumbu. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilipewa majina ya milima yetu. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko Upare. Milima yote miwili ni ya Tanzania, lakini anayetaka kuyaona majina hayo juu ya chuma sharti avuke mpaka. Kenya haikuwa na haki kubwa kuliko yetu juu ya majina hayo. Ilikuwa na makumbusho, yaliyofunguliwa 1971, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977.

La tatu ni reli ya kutembelea. Injini inayoweza kuvuta abiria huingiza fedha. Isiyoweza ni sanamu. Hapa bonde letu lina mfano wake. Kidatu, reli ya tawi kutoka Kilosa, yenye upana wa milimita 1,000, hukutana na TAZARA, yenye milimita 1,067. Milimita 67 tu, lakini shehena hulazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Injini ya Garratt ya reli ya kati, hata ingekuwa nzima, isingeweza kufika Ifakara kwa magurudumu yake.

La nne ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa mabaki yanayolindwa. Isipokuwa makundi machache yaliyotajwa, kitu cha baadaye huhitaji tamko la Waziri. Injini ya 1955, na ile ya 1975, zote ziko nje ya mpaka huo. Bila tamko, mlinzi wao pekee ni afisa wa ghala.

Tukiyatazama mambo haya manne, tunaona kwamba soko haliumbi thamani hiyo peke yake. Boila hutunzwa na karakana, historia hutunzwa na masijala, reli ni ya umma, na sheria hutungwa na Bunge. Mahali ambapo dola imekaa kimya, soko hurudi kwenye mizani ya chuma chakavu, nalo halina kosa.

TAZARA sasa inangoja uwekezaji mpya wa Kichina. Ni jambo la heri, kwani wakulima wa mpunga wanahitaji treni inayofika kwa wakati. Lakini mitambo mipya ikija, ya zamani itaorodheshwa kwa ajili ya kuuzwa. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009, alitumia stakabadhi za vifurushi vya treni kueleza jinsi wakazi wa bonde hili walivyojenga maisha kando ya reli. Kama karatasi za vifurushi zimetoa historia nzima, vitabu vya safari vya injini vingetoa kiasi gani?

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma, kabla ya zabuni: chagueni injini moja ya kizazi cha kwanza, itunzwe pamoja na nyaraka zake kando ya reli hiyo, na Waziri atoe tamko. Nanyi wanafunzi, waandikeni madereva na mafundi wastaafu wangali hai. Chuma kikishayeyushwa, hakuna bajeti ya kukirudisha.