Asili ya Mashine Ichongayo kwa Tarakimu

Fundi aundaye nyumbani mashine ya kuchonga mbao kwa amri ya kompyuta, pale asitapo baina ya mota ya hatua na mota ya servo, hulikabili suala lililowashughulisha wahandisi wa Marekani tangu mwaka 1949, wakati John T. Parsons wa Michigan, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, alipopata mkataba wa Jeshi la Anga, kisha akawaendea wataalamu wa maabara ya chuo cha MIT. Maabara ile, iliyokuwa na maarifa ya kuelekeza mizinga tangu zama za vita, ilichagua njia ya gharama, ndiyo ya servo: kila mhimili upokee amri kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa, na urudishe habari ya mahali ulipofika, ili kosa lisahihishwe papo hapo. Mashine ilidhihirishwa mbele ya watu mwaka 1952.

Mota ya hatua, ambayo mafundi wa nyumbani aghalabu huipendelea kwa wepesi wa bei, hairudishi habari yoyote. Iliyo ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko, na ikifungwa kwenye skrubu isogezayo milimita 5, kila hatua ni milimita 0.025, usahihi uutoshao ubao na kuzidi. Lakini nguvu zake hupungua kadiri kasi inavyopanda, na ikilemewa na mti mgumu hupoteza hatua bila ya kumwarifu mtu, na nakshi yote ikaharibika. Basi, ewe fundi, usihadaike na nguvu ya mota iliyosimama. Uliza itabaki na nguvu gani katika kasi ya kazi, ndipo ununue.