Kitabu cha Kiswahili na Mlango wa Shule: Usomaji na Uuzaji wa Vitabu Wakati wa UVIKO-19

Janga la UVIKO-19 huelezwa mara nyingi kuwa kipindi kilichowarudisha watu kwenye vitabu. Dai hilo lina ukweli katika baadhi ya nchi. Nchini Uingereza, ambako maduka ya vitabu yalifungwa mwezi Machi 2020, makadirio ya Nielsen BookScan yalionyesha kuwa vitabu vya karatasi vilivyouzwa mwaka huo vilizidi milioni 200, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu 2012. Msomaji aliyefungiwa nyumbani aliagiza kitabu, nacho kikamfuata huko.

Hali ya kitabu cha Kiswahili ilikuwa tofauti, na chimbuko la tofauti hiyo ni la kihistoria. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulikia usanifishaji wa lugha sambamba na uidhinishaji wa vitabu vya shule. Kwa muda mrefu tangu hapo, mnunuzi mkuu aliyetegemewa na wachapishaji amekuwa mwanafunzi. Hata kazi za fasihi hupata soko pana zinapoteuliwa kutahiniwa, kama ilivyokuwa kwa riwaya ya Chozi la Heri na tamthilia ya Kigogo nchini Kenya.

Kwa hiyo, shule zilipofungwa, soko nalo lilifungwa. Kenya ilifunga shule zake katikati ya Machi 2020, na Tanzania ikafanya hivyo siku chache baadaye. Tanzania ilizifungua tena mwezi Juni mwaka huo. Nchini Kenya, Wizara ya Elimu ilitangaza mwezi Julai kwamba mwaka wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Baadhi ya madarasa yalirejea Oktoba, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Katika kipindi hicho, mzazi hakuwa na sababu ya kununua vitabu vya darasa ambalo mwanawe hangeliingia kwa wakati. Masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni.

Hata hivyo, mauzo na usomaji ni mambo mawili. Katika Afrika Mashariki, nakala moja hupita mikononi mwa ndugu, majirani na wanafunzi wa miaka kadhaa. Kupungua kwa mauzo, peke yake, hakuthibitishi kwamba watu waliacha kusoma. Kunachoonyesha ni kwamba mwandishi na mchapishaji hawakuwa na njia nyingine madhubuti ya kumfikia msomaji.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa taaluma ya Kiswahili. Fasihi inayotegemea mtihani hupata wasomaji wengi kwa haraka, lakini wengi wao huiaga mara baada ya karatasi ya mwisho. Janga halikuuleta udhaifu huo, liliufichua tu. Maktaba za mitaa, bei ambayo mzazi anaimudu, na vitabu vinavyomvutia mtu mzima asiye na mtihani mbele yake ni masharti ya uhai wa fasihi hiyo. Bila hayo, mlango wa shule utakapofungwa tena, kitabu cha Kiswahili kitabaki ndani.