Shayiri, mbolea na tasnifu za elimu

Majuzi niliketi katika jopo la kutahini tasnifu ya uzamifu katika elimu. Mtahiniwa, mwalimu wa Kiswahili wa miaka mingi, alikuwa amelinganisha mbinu mbili za kufundisha insha. Shule moja ilitumia mbinu mpya, nyingine ikaendelea na ile ya kawaida. Jaribio la t likamthibitishia kuwa tofauti ya alama ni kubwa mno kuwa sadfa. Nikamuuliza, “Mwalimu, sampuli yako ina ukubwa gani?”

“Wanafunzi 92, Profesa.”

Nikamwambia kwamba mimi naona wawili tu. Ukumbi ukanyamaza kimya.

Wallahi sikuwa namkejeli. Swali hilo lina historia yake, na historia yenyewe inaanzia kwenye pombe. William Sealy Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha Guinness mjini Dublin. Palihitajika njia ya kuamua mambo kama ubora wa shayiri kwa kutumia vipimo vichache. Mnamo 1908 alichapisha njia hiyo katika jarida la Biometrika, na kwa kuwa mwajiri hakutaka wafanyakazi watumie majina yao, akajiita “Student”, yaani Mwanafunzi. Hilo ndilo jaribio la t tunalowabebesha wanafunzi wetu hadi leo.

Kisha akaja Ronald Fisher. Tangu 1919 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na mwaka wa 1925 akatoa kitabu kilichowafunza watafiti kutumia takwimu. Yeye alisisitiza bahati nasibu: shamba likatwe vipande vingi, kisha kura iamue kipande kipi kipate mbolea gani. Bila kura, utajuaje kama mavuno yametokana na mbolea au ni udongo tu?

(Kwa wapenzi wa lugha: neno takwimu tulilitoa kwa Waarabu, ambao kwao taqwim ni kalenda. Sayansi yenyewe wao huiita ihsa. Tulibeba neno, maana tukajitilia wenyewe.)

Mbinu za shambani ziliingia darasani hasa kupitia kwa E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliyechapisha kitabu cha takwimu za utafiti wa elimu mwaka wa 1940. Lindquist aliona jambo ambalo wengi wetu tulilipita. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja na hali moja, hawako kama vipande vya shamba vilivyopigiwa kura kimojakimoja. Ukiligawia darasa zima mbinu, basi darasa ndilo la kuhesabiwa. Shule mbili, mbinu mbili: kila mbinu imejaribiwa mara moja tu. Huenda aliyeshinda ni mwalimu, au maktaba, au mwalimu mkuu mkali.

Nakiri kwamba nami katika tasnifu yangu ya uzamili, miaka ya themanini, nilitenda kosa lilo hilo. Nilipiga hesabu kwa kikokotoo usiku kucha, nikapasishwa na kupongezwa. Hakuna aliyeniuliza. Tulifundishwa fomula, historia yake tuliambiwa ni ya watu wa hisabati. Siku hizi mambo yamezidi. Mwanafunzi humlipa kijana fulani mjini, programu ya kompyuta ikatema majedwali, naye akayabandika kwenye sura ya nne. Programu haikuulizi ulipiga kura vipi, ati.

Mtahiniwa wetu tulimpa njia mbili: apunguze madai yake, au arudi nyanjani. Nilidhani atachagua ile nyepesi, maana karo imemchosha na watoto wake wako sekondari. Alinifuata mlangoni akiwa amekunja nakala yake, akaniuliza kama shule 12 zingetosha.

Nikamwambia aje Jumatatu, tena asisahau orodha ya shule zote za kaunti yake ndogo.